Mtamba wa Waruguru

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura, bali hizi za redio ya betri, aliishi Kinangop mtunzi wa nyimbo za kantri aitwaye Gathogo. Sauti hakuwa nayo. Akiimba, mbwa walihama ua. Lakini alitunga, na wanaume wenye kofia pana wakazichukua nyimbo zake, wakaziimba Nakuru, wakaziimba Nyahururu, wakaziimba redioni, na watu wazima wakafuta macho.

Siri yake ilikuwa moja. Maneno yalikuwa yake. Mahadhi yalikuwa ya mkewe, Waruguru. Ng'ombe wao, Karembo, hakuachia maziwa mpaka aimbiwe, naye Waruguru alimwimbia mdomo umefumbwa, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Gathogo alikaa kando, gitaa gotini, akiyadaka mahadhi hayo. Ndivyo zilivyozaliwa nyimbo arobaini.

Mwaka wa mwisho, Waruguru alianza mahadhi mapya. Gathogo aliyasikia kupitia ukuta wa mbao, yungali kitandani.

"Huji kuyachukua?" Waruguru akamwita.

"Nje kuna baridi ya jalidi, mama. Kesho."

Ikawa kesho, ikawa kesho, mwezi mzima ikawa kesho. Kisha kichomi kikaingia, na siku ya sita Waruguru akafa.

Baada ya mazishi Gathogo aliingia zizini na gitaa lake. Alikumbuka mvuke wa pumzi za mkewe. Alikumbuka kitambaa chake cha kichwa. Mahadhi hayakuja. Karembo akamtazama, akazuia maziwa.

Jumapili, nje ya kanisa, Gathogo akatoa ahadi mbele ya watu: "Waruguru ameacha mtamba, ng'ombe mchanga aliyemlea kwa chupa. Ndiye kiumbe pekee niliyebaki naye mwenye alama ya mkono wake. Atakayenirudishia wimbo wake wa mwisho, atamchukua."

Wa kwanza kuja alikuwa Kimotho, msomba maziwa. "Kila asubuhi nilifika langoni anapoanza kuimba, nikachukua debe la maziwa ya jana jioni nikaenda. Mwanzo ninao. Hata punda wangu anaujua, ila hapendi kujisifu." Akapiga mluzi. Karembo akainua sikio. Maziwa hayakushuka.

Wa pili alikuwa Wangeci, dada wa marehemu, ambaye alikuwa hajakanyaga ua ule kwa miaka saba.

"Nyimbo arobaini, shemeji, na redioni hukumtaja hata mara moja."

"Ni kweli."

"Basi sikuja kwa ajili yako. Alinitembelea nikifua nguo, akaniimbia; mwanzo ulimezwa na kelele za maji. Mvua ikatutawanya kabla hajafika mwisho. Sehemu ya katikati ninayo." Akaimba. Karembo akaacha kucheua. Maziwa hayakushuka.

Wa tatu alikuwa Ndegwa, mwimbaji aliyepata sifa zote za nyimbo za Gathogo. "Mimi sikuusikia wimbo huu hata siku moja," akasema. "Lakini nipeni kigoda."

Akaiacha bendi yake. Asubuhi kumi na tisa alikaa kwenye jalidi, akaunga mwanzo na katikati, akautafuta mwisho. Alijaribu, Karembo akapiga teke. Alijaribu tena, Karembo akapiga ndoo.

"Umepata msikilizaji asiyejua kupiga makofi ya bure," Wangeci akamwambia.

Siku ya kumi na tisa, pale ambapo kila mwimbaji angepandisha sauti, Ndegwa akaishusha. Maziwa yakashuka, yakalia ndani ya ndoo. Gathogo alikuwa amekwisha kuutambua wimbo. Ulikuwa ule ule wa nyuma ya ukuta, na kwa pumzi moja alihisi tena joto la upande wa pili wa kitanda.

Kisha wakasimama langoni, mtamba kati yao.

Kimotho akasema, "Bila mwanzo mngeanzia wapi?"

Wangeci akasema, "Mimi aliniimbia kwa hiari yake. Sikumsikiliza kwa kuotea langoni."

"Sikuotea, mama. Nilikuwa kazini."

Ndegwa akasema, "Ninyi mlipewa. Mimi nilitafuta, na bila mwisho Karembo asingeachia."

Wangeci akamgeukia Gathogo. "Au utasema wimbo ni wako, wewe uliyelala?"

Gathogo alikuwa ameshika kamba, na mtamba alikuwa akimlamba kiganja. Zizini, mtu mmoja kati ya majirani waliokuja kutazama, hakujua nani, akaanza kuuimba wimbo ule mdomo umefumbwa. Mtamba akaacha kulamba. Akageuza shingo, akautazama mlango wa nyumba, akangoja. Gathogo naye akautazama. Hakutoka mtu.

Basi ninyi mliokaa mkasikiliza: ahadi ilitolewa mbele ya watu, na mtamba hakatwi vipande vitatu. Yuko aliyeutunza mwanzo, yuko aliyeimbiwa katikati, yuko aliyeupata mwisho bila kuusikia. Gathogo anawangoja, kamba i mkononi. Amkabidhi nani?