Pumzi ya Mkaguzi

Imetufikia kutoka kwa watu wasio na tabia ya kutia chumvi, na elimu kamili iko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama ambazo masoko yalikuwa na wakaguzi wengi kuliko wezi, aliishi mja aitwaye Hanzala bin Sinani. Alikuwa naibu wa mkuu wa Diwani ya Masoko, yaani ile ofisi iliyosimamia vipimo na mizani. Katika kazi yake hiyo hakupata kupokea zawadi ya mtu, hata tende moja. Wenzake diwanini walimheshimu kwa hilo, ingawa baadhi yao waliliona kuwa ni jambo la kusikitisha.

Hanzala alikuwa na mtihani mmoja, na mtihani wenyewe haukuwa sokoni. Ulikuwa msikitini. Hakuweza kuanza kuswali.

Imamu akishapiga takbira na safu nzima ikamfuata, Hanzala huinua mikono hadi masikioni, akasema, "Allahu," kisha akakwama. Mikono ikashuka. Akaiinua tena. "Allahu." Ikashuka tena. Watu wakirukuu, wakisujudu, yeye bado yuko mlangoni mwa swala kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji. Waliomzoea waliacha nafasi kila upande wake, kwa kuwa aliyesimama karibu naye alianza kuitilia shaka takbira yake mwenyewe.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mvivu wa ibada. Kifuani mwake kulikuwa na mkaguzi. Kila alipoinua mikono, mkaguzi huyo alimsogelea na kumwuliza: Nia yako imehudhuria, au umeiacha sokoni? Naye akigeuka kuitazama nia yake na kuikuta imehudhuria, hapo hapo husimama mkaguzi wa pili nyuma ya yule wa kwanza: Na wewe uliyetazama, umetazama kwa ajili ya Mola wako, au ili uridhike na nafsi yako? Nyuma ya wa pili alikuwapo wa tatu. Ikawa kama ilivyo diwanini, ambako barua ya karani haitoki mpaka ipite kwa karani mkuu, naye haipitishi mpaka aulize iliandikwa kwa idhini ya nani.

Hanzala alikuwa na mama, Bi Unaysa, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanamke mcha Mungu aliyesokota pamba maisha yake yote na ambaye ulimi wake haukupata kuugua hata mwili ulipolala kitandani. Kiangazi kilipoanza, maradhi yakamzidi, naye akamwita mwanawe.

"Hanzala, mwanangu. Nataka uniswalie wewe."

"Inshallah, mama."

"Usiniambie inshallah ya diwanini. Nakuuliza kweli. Utaniswalia?"

Hanzala akainamisha kichwa.

"Swala ya jeneza haina rukuu wala sijida," akasema Bi Unaysa. "Ni takbira nne tu na dua. Nne, mwanangu. Mimi nitakuwa nimelala, sina haraka. Lakini nawaonea huruma watakaosimama. Jua la mwezi huu si la kumsimamisha mtu mpaka alasiri kwa sababu ya takbira ya kwanza."

"Mama, mimi nataka iwe sahihi."

"Najua. Ndiyo maana nimekwisha kumwambia Bi Tumadhir." Huyo alikuwa mwosha maiti wa mtaa ule, na wakati huo alikuwa ameketi pale pale kitandani akimpepea. "Nimemwambia, mwanangu akishindwa mara tatu, imamu atangulie aniswalie. Mara tatu, si nne. Nisingependa kuingia kaburini nikiwa nimechelewa."

Bi Tumadhir hakucheka. Alimtazama Hanzala kwa macho ya mtu aliyepewa amana na atakayeitimiza.

Tangu siku hiyo Hanzala hakuwa na lingine moyoni. Kumswalia mama ndilo jambo la mwisho ambalo mtoto humfanyia mzazi akiwa juu ya ardhi, naye aliliona linamponyoka. Akaamua kujikaza. Akiinua mikono, alijitazama kwa ukali zaidi. Wazo likipita, alilikamata na kulihoji. Matokeo yake ni kwamba ile "Allahu" aliyokuwa akiirudia mara tano, sasa akairudia mara ishirini.

Na ukali wa msikitini hauachwi msikitini. Asubuhi moja alifika kwenye kibanda cha Ghailani, mzee muuza zafarani. Mizani ya zafarani si kama ya ngano. Ni kitu chepesi mno: vitanga viwili vya shaba vyembamba kama ganda la kitunguu, vinaning'inia kwa nyuzi za hariri, kwani kinachopimwa ni nyuzi za maua. Hanzala akaiinamia, kama ilivyokuwa desturi yake, mpaka pua ikakaribia kugusa kitanga. Akasubiri mizani itulie. Haikutulia. Kitanga cha kulia kikapanda, cha kushoto kikashuka, vikabadilishana. Akasogea karibu zaidi. Vikazidi kuyumba.

"Mizani yako haina msimamo," akasema.

"Ilikuwa ya baba yangu, bwana naibu," akajibu Ghailani. "Imepima miaka sitini."

"Basi miaka sitini imekuwa ikiyumba."

Adhabu ya diwani kwa mizani mbovu ilijulikana: hutundikwa ndani ya tao la lango la soko, na chini yake kikabandikwa kibao chenye jina la mwenyewe, jina la baba yake na jina la babu yake, asije akaonewa mtu mwingine. Pale lango lilikuwa limejaa mizani za ngano na za nyama, nzito, ambazo uongo wake ulionekana hata kwa mpita njia. Ya Ghailani ikatundikwa peke yake pembeni, ndogo kama kipuli cha sikio. Mzee hakubishana. Alifunga kibanda chake, akawa anakwenda kuketi nje ya msikiti akivuta tasbihi, na watu waliomjua tangu utotoni wakapita wakijifanya wanatazama upande mwingine.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi, adhuhuri, joto likiwa limeukausha mji hata hakuna jani linalotikisika, Hanzala alitoka msikitini baada ya kushindwa takbira mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Akapita langoni. Kwa mbali akaiona mizani ya Ghailani. Vitanga vilikuwa sawasawa. Mkono wa mizani ulikuwa umelala kama mstari uliopigwa kwa rula.

Akasimama. Akasema moyoni, pengine ni umbali. Akasogea. Alipokuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mizani, kitanga cha kulia kikapanda kidogo. Akasogea zaidi, vikaanza kuyumba vyote viwili. Akarudi nyuma akangoja; vikatulia. Akasogea tena; vikayumba. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya tao lile.

Ndipo akasogea mara ya tatu, na kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuieleza baadaye, akazuia pumzi.

Mizani haikutikisika.

Akakaa hivyo mpaka kifua kikamwuma, na macho yake yakiwa karibu na shaba ile kama siku ya ukaguzi. Kisha akapumua. Kitanga kikapanda.

Wanasema alikaa chini ya kibao kile kwa muda mrefu, akilisoma jina la Ghailani, na la baba yake, na la babu yake.

Akaenda kwa mkuu wake diwanini na kumweleza. Mkuu alisikiliza kwa upole wa mtu ambaye tayari amekwisha kupata ufumbuzi.

"Hili ni jambo dogo, Hanzala. Andika kwamba mizani imetengenezwa. Itashushwa, mzee atarudi kazini, na kila mtu atashukuru."

"Haikutengenezwa, bwana mkuu. Haikuwa mbovu."

"Ninayo kanuni ya kutundika mizani mbovu. Ninayo kanuni ya kushusha mizani iliyotengenezwa. Kanuni ya kushusha mizani nzima sinayo, kwa kuwa mizani nzima haitundikwi. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Lakini ilitundikwa."

"Diwani haikosei," akasema mkuu, bila hasira, kama mtu anayetaja upande ambao jua huchomoza.

Hanzala angeweza kuandika neno lile moja, na hakuna ambaye angejua. Alikaa na kalamu mkononi, wino ukakauka. Akaiweka kalamu chini. Siku ya Ijumaa, watu walipokwisha kuswali, akasimama mbele yao. Yeye ambaye alishindwa kusema maneno mawili kwa ajili ya Mola wake bila kuyarudia, maneno haya aliyasema mara moja tu: "Enyi jamaa, mizani ya Ghailani ni nzima. Niliinama karibu mno, na pumzi yangu ndiyo iliyoitikisa. Kosa ni langu." Kisha akaenda langoni, akaishusha kwa mikono yake, akaipeleka kwa mzee.

Ghailani akaipokea, akaifuta vumbi kwa ncha ya kilemba.

"Mimi nilijua," akasema.

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Ulikuwa umeinama karibu mno kunisikia."

Diwani haikumfukuza Hanzala. Ilimhamishia kwenye ukaguzi wa kamba za visima, cheo kilekile, mahali ambapo pumzi ya mtu haiwezi kudhuru kitu.

Jioni yake akaketi kando ya kitanda cha mama yake, akamsimulia yote. Bi Unaysa, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi aliosokota, alicheka mpaka Bi Tumadhir akamwinua ili apumue. Kisha akauliza:

"Na huyo anayekukagua kifuani wakati wa takbira, anapumua au hapumui?"

Hanzala akaweka kiganja kifuani.

"Ni nani huyo, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Najikagua mwenyewe."

"Na anayekaguliwa?"

"Mimi pia."

"Na huyu anayenieleza habari za hao wawili?"

Hanzala akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mko wangapi humo ndani?" akasema Bi Unaysa. "Niambie, ili Tumadhir ajue apike kiasi gani. Mimi nilizaa mtoto mmoja."

Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu ya mwisho. Wala asidhani msikilizaji kwamba Hanzala alipona usiku ule. Alfajiri alishindwa kama kawaida. Ila kulikuwa na tofauti ndogo: mkaguzi alipokuja, Hanzala alimwona anakuja. Zamani hakupata kumwona, maana alidhani kwamba yule ndiye yeye.

Siku ya nne, jua likianza kupanda, Bi Unaysa alifariki, shahada ikiwa ulimini. Bi Tumadhir akamwosha na kumkafini, na baada ya swala ya adhuhuri jeneza likawekwa mbele ya watu uwanjani. Jua lilikuwa lile lile alilolitabiri marehemu. Hanzala akatangulia. Imamu akasimama nyuma yake, safu ya kwanza. Nyuma kabisa, miongoni mwa wanawake, alisimama Bi Tumadhir, kidole kimoja kikiwa tayari kuhesabu.

Hanzala akainua mikono. "Allahu." Ikashuka.

Hakuna aliyekohoa.

Akainua mara ya pili. Alimwona mkaguzi akija, akataka kumfukuza, na kule kumfukuza kukawa mkaguzi mwingine. "Allahu." Mikono ikashuka. Imamu akaanza kuvaa viatu vyake vizuri, kama mtu anayejiandaa kupiga hatua. Bi Tumadhir akakunja kidole cha pili.

Mara ya tatu Hanzala hakuinua mikono haraka. Mkaguzi alikuja kama desturi: Nia yako imehudhuria? Hanzala hakumjibu wala hakumfukuza. Alitaka kwanza kumjua yule anayeulizwa, yule mimi aliyesimama pembeni ya kila kitu akitazama, ambaye kwa ajili yake ameteseka miaka yote hii. Akamtafuta. Akaikuta sanda nyeupe. Akaukuta mchanga wenye moto, harufu ya karafuu maiti, kikohozi cha mtu aliyeshindwa kujizuia, na huzuni kubwa ambayo haikuwa na mwenyewe kwa kuwa uwanja mzima ulikuwa nayo. Aliyesimama pembeni hakumkuta. Hapakuwa na pembeni.

Mikono ikainuka.

"Allahu Akbar."

Waliokuwapo wamepokezana kwamba hawakumsikia Hanzala akitoa takbira. Walisikia takbira. Ikafuata ya pili, na ya tatu, na dua kwa maiti, na ya nne, na salamu, kwa muda ambao mtu angetumia kunywa maji bila haraka. Bi Tumadhir akafungua kiganja, akajifuta uso. Na Ghailani, aliyekuwa safu ya pili na ambaye miaka yake yote ilipita akingojea vitanga viwili vitulie, akasema kwa sauti ya chini, kwa desturi tu ya kazi yake:

"Imetulia."

Wakambeba Bi Unaysa, na hakuchelewa.

Enyi wapenzi, sisi tusomao kisa hiki tuna mizani vifuani, na wengi wetu tumeiinamia miaka mingi tukiilaumu kwa kuyumba. Tunaomba utulivu, na anayeomba anapumua juu ya kitanga. Mola wetu atupe ikhlasi ya kurudi nyuma hatua moja, na tukikosea, atupe ulimi wa kusema kosa ni letu kabla diwani haijatutafutia neno zuri zaidi. Amrehemu Bi Unaysa na mwanawe, na azipokee takbira zetu, hata zile tulizozirudia.