Bandeji Iliyohama Shavu

Wenye masikio wasogee, na mwenye jibu asilitoe haraka, maana hadithi hii mimi mwenyewe imenishinda.

Walikuwapo watu watatu mjini Tanga, waliokutanishwa na ghala kuukuu la mkonge lililogeuzwa kuwa mwezi. Sakafuni palimwagwa majivu ya tanuri la matofali, kuta zikapakwa rangi nyeusi, na humo ikapigwa picha tamthilia ya televisheni iliyoitwa Wakazi wa Mwezini.

Wa kwanza ni Mwantumu, mwenye macho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoonekana jana kinafanana na cha leo: kifungo kilichofunguliwa kibaki wazi, kikombe kilichojaa nusu kibaki nusu. Yote aliyaandika daftarini.

Wa pili ni Mwalimu Mkwizu, mwenye elimu. Alifundisha fizikia sekondari, na kila hadithi ilipelekwa kwake kwanza aipitie, isije ikasema uongo juu ya mbingu.

Wa tatu ni Fikirini, mwenye mikono. Yeye aliunganisha picha na sauti hata mtazamaji asiuone mshono.

Sehemu ya tano ilirushwa Ijumaa jioni. Mwantumu aliitazama nyumbani pamoja na wakwe zake. Kapteni wa kambi, aliyejeruhiwa shavu la kulia, alifungua mlango. Alipotokea chumba cha pili, bandeji ilikuwa shavu la kushoto. Wifi yake akauliza, bila ubaya wowote, kama huko mwezini majeraha nayo hutembea. Wakacheka. Mwantumu akacheka nao, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Na haikuwa bandeji peke yake. Kapteni alitoka nje akawasha mwenge kumwita mwenzake, nao ukawaka vizuri mahali pasipo na hewa. Tangi la kambi, huko huko nje, likapasuka kwa kishindo cha kutikisa madirisha, ilhali bila hewa sauti haina njia ya kupita.

Jumatatu Mwalimu Mkwizu aliuliza darasani kama moto huwaka mwezini. Wanafunzi kumi na tisa waliandika kwamba huwaka. Alipoanza kuwasahihisha, msichana mmoja akasimama kwa adabu.

"Lakini Mwalimu, jina lako lilikuwa mwishoni. Waliandika wewe ndiye mshauri."

Mwalimu alifuta ubao uliokuwa mtupu.

Kituo cha televisheni kikaleta barua: sehemu hiyo irekebishwe ndani ya siku nane, la sivyo tamthilia yote isimamishwe. Watu thelathini walikula kwa kazi ile. Bi Nyangoma, mwongozaji, aliwaita wale watatu, akawasomea barua neno kwa neno, wala hakumlaumu mtu. Mwantumu angependa alaumiwe.

Mwalimu alilala na karatasi kifuani siku tatu. Akauondoa mwenge, akampa Kapteni kioo cha kurudisha mwanga wa jua, akapima mpaka pembe ya mkono wake. Asingefanya hivyo, uongo ungebaki.

Mwantumu alifukua madaftari yake. Kapteni alipoitwa tena kupigwa picha ile ya kutokea chumba cha pili, Mwantumu alimrudishia kila kitu: shavu la kulia, mkunjo wa bandeji, jasho shingoni, vidole viwili kwenye kitasa. Asingefanya hivyo, picha mpya isingekubaliana na ya zamani.

Fikirini alikifuta kishindo. Tangi likapasuka kimya, na kikasikika kitu kimoja tu, pumzi ya Kapteni ndani ya kofia yake. Asingefanya hivyo, vipande vingebaki vipande.

Sehemu ile iliporushwa upya, ukimya ule uliwashika watu kuliko kishindo. Tamthilia ikanusurika. Mwezi uliofuata, tamasha la filamu likatangaza kuipa tuzo, kinyago cha mpingo, ila kwa sharti kwamba kitachongwa jina la mtu mmoja tu, yule aliyeiokoa. Bi Nyangoma aliwaita tena, fomu mezani, akawauliza aandike jina la nani.

Fikirini alisema asiandikwe yeye. Alijua tangu mwanzo kwamba mwezini hapana sauti. Ukimya ulimwogopesha, akaona watu watadhani televisheni zao zimeharibika, ndipo akakipachika kishindo kwa mkono wake.

Mwalimu akavua miwani. Alikiri kwamba hadithi ya sehemu ya tano hakuisoma. Ilikaa chini ya madaftari ya wanafunzi wiki mbili, na alipopigiwa simu akajibu kwamba ameipitia, haina kasoro.

Mwantumu aliwasikiliza huku uso ukimwaka. Wote walidhani yeye alipitiwa tu, kama binadamu yeyote. Angeweza kuwaacha wadhani hivyo.

"Mimi niliiona," akasema.

Bi Nyangoma akamtazama. "Uliiona lini, mwanangu?"

"Siku ileile ya kupiga picha, kabla taa hazijazimwa. Watu walikuwa wamechoka, nanyi mlikuwa mmekwisha kunisifu kwamba sikosei. Nikasema nani ataangalia shavu. Nikafunga daftari."

Mwalimu alisukuma fomu kwa Fikirini, Fikirini akaisukuma kwa Mwantumu, naye Mwantumu hakuigusa.

Tamasha lilitaka jina kabla ya adhuhuri, na fomu tupu maana yake tuzo iende kwa wengine, na wale thelathini wakose heshima yao. Bi Nyangoma alichukua kalamu.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, pimeni. Mmoja alikosa kwa hofu, mmoja kwa uvivu, mmoja kwa kulinda sifa yake; na kila mmoja alitengeneza kile ambacho wenzake wasingeweza. Kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Au fomu ungeirudisha tupu?