Hesabu za Ghala la Marimbo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Wenye masikio mpo?
— Tupo!
— Basi yasimamisheni, maana hadithi ya leo inatisha.

Hapo kale, katika bonde la Marimbo, wanyama wenyeji walijitawala wenyewe. Walikuwa na baraza lao, ghala lao la mtama wa kiangazi, na sheria moja waliyoipenda kuliko zote: kila mwaka, saa sita mchana, juu ya mwamba, hesabu za ghala zisomwe mbele ya wote. Mwenyekiti akae papo hapo mpaka neno la mwisho. Akiondoka kabla, uenyekiti umemtoka.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni. Karani wake alikuwa Kicheche, lakini Kicheche alikufa. Kiboko alisema alimkanyaga kwa bahati mbaya. Waliomzika waliona bahati mbaya hiyo ilimkanyaga mara tatu. Hakuna aliyeuliza.

Ukarani akapewa Bi Sange, mama wa watoto wawili, mwili kama ngumi ya mtoto, pua ndefu kama mrija. Siku ya kwanza alichungulia ghalani kwenye ufa wa mlango. Ndani tupu! Hata vumbi la mtama halikuwemo.

Siku moja kabla ya kusomwa hesabu, ardhi ikatikisika. Gu! Gu! Gu! Kiboko huyo mlangoni pa Bi Sange.

"Bi Karani."

"Abee, Mwenyekiti."

"Kesho utasoma: magunia mia tisa yaliingia, na yote mia tisa yamo."

"Yote yamo, Mwenyekiti."

"Kicheche alitaka kusoma mengine. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Hawa wanao, wanalala wapi?"

Bi Sange akawavuta wanawe nyuma yake. Kiboko akacheka, akaenda zake. Gu! Gu! Gu!

Akimbie? Watoto hawajajua mbio. Aseme kweli? Atakanyagwa. Aseme uongo? Kiangazi kitaingia, na bonde zima litafia mlangoni pa ghala likingoja mtama ambao haupo. Hakupata usingizi.

Kesho yake saa sita, wanyama wakajaa chini ya mwamba. Jua likawaka waa! Kiboko akaketi, mguu wake mmoja ameuweka karibu kabisa na mkia wa karani.

"Soma," akasema.

Bi Sange akasimama. "Magunia mia tisa yaliingia. Na yote yamo, kama alivyoniagiza Mwenyekiti. Nayasoma sasa. Gunia la kwanza. Punje ya kwanza, ipo. Punje ya pili, ipo. Punje ya tatu, ipo."

Bi Kanga, aliyekaa mbele, akashangaa. "Shoga, utazisoma zote?"

"Zote. Ni mali ya watu."

"Mwacheni," Kiboko akasema, kifua mbele. "Anafanya kazi yake."

Punje ya mia, ipo. Punje ya mia na moja, ipo. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa. Punje ya mia tatu, ipo. Ngozi ikapasuka, pa! Ikachuruzika wekundu.

Akainama, akanong'ona, "Fupisha."

"Nikifupisha watasema nimeruka, Mwenyekiti."

"Fupisha, au bahati mbaya itakukuta."

Ule mguu ukasogea. Ukagusa mkia. Bi Sange alitaka kulia, lakini akasoma. Punje ya mia nne, ipo. Punje ya mia nne na moja, ipo. Na hilo ni gunia la kwanza tu.

Pa! Mgongo ukapasuka tena. Kiboko akanguruma bonde zima likasikia: "Soma fupi! Yoyote ile, ilimradi iwe fupi!"

"Mmemsikia?" Bi Sange akawauliza wenzake. "Mwenyekiti anataka fupi. Basi fupi ni hii: yaliyoingia, mia tisa. Waliyopewa wenyeji, hakuna. Yaliyobaki, hakuna. Mwenye ufunguo, Mwenyekiti. Mwisho."

Wanyama wote wakageuka, wakautazama ufunguo shingoni mwa Kiboko.

Mguu ukainuka. Bi Sange akaruka, ukashuka, puu! Ukakata ncha ya mkia. Ukainuka tena, lakini jua lilikuwa limemshinda Kiboko. Akatimka mbio mpaka mtoni, chubwi! Ufunguo ukamchomoka shingoni, ukabaki mwambani.

Wanyama wakafungua ghala, wakaona kwa macho yao. Kiangazi kile walikula mizizi michungu, na wengine walizikwa. Kiti walimpa Bi Kanga. Kiboko tangu siku hiyo mchana hatoki majini. Hutoka jua likizama, watu wasimwone. Na Bi Sange, ingawa alishinda, hajaacha kuogopa. Hujifagilia vijia vyake majanini, akimbie wakati wowote.

Sasa shikeni funzo, wanangu: hesabu za watu wote zisisomwe hadharani kamwe. Zinaharibu ngozi za wakubwa.

Mimi nimefika mwisho, na kila punje niliyowapa ipo. Asiyeamini na ahesabu.