Nafasi Imejaa

Wapendwa, kabla sijaendelea na neno, naomba mnifuate hadi mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Huko aliishi mjane aliyeitwa Mama Atuganile. Nyuma ya soko alikuwa na nyumba ndefu ya matofali, na asiye na pa kulala aliingia humo: wazee waliotupwa na watoto wao, wapagazi wa sokoni, akina mama waliokimbia vipigo. Walilala kwenye mikeka, asubuhi wakanywa uji, wakaenda kutafuta riziki.

Nyumba ile haikuwa na mfadhili wa ng'ambo. Iliendeshwa na watu wa mji. Huyu alileta gunia la mahindi, yule maharage. Aliyetoa kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa mbao, Baba Lusajo. Gari lake lilishusha unga na kuni, likaondoka kabla hata hajashukuriwa.

Kisha hali ikawa ngumu. Mnaijua hali ngumu, sina haja ya kuwaeleza. Ujenzi ukasimama, mbao zikakosa wanunuzi, maduka yakafungwa. Sasa tazameni: watu wanapopungukiwa, wa kutoa wanapungua na wa kupokea wanaongezeka, tena kwa wakati uleule. Aliyeleta gunia akaleta debe, halafu akaacha. Gari la Baba Lusajo halikuonekana tena. Na jioni foleni ya mlangoni ikawa inafika barabarani.

Mama Atuganile akaongeza maji kwenye uji. Akauza cherehani yake. Mwishowe wazee wa kanisa waliomsaidia wakakaa naye, wakamshauri kwamba waliomo wabaki na wapya wasipokelewe, la sivyo wote watalala njaa. Ulikuwa ushauri mbaya? Ungekuwa wewe, ungesemaje? Alikubali. Ikawa kila jioni anasimama mlangoni na kusema, "Poleni, nafasi imejaa." Alisema ameinamisha macho, asimtazame mtu usoni.

Uchungu ule ukatafuta mtu wa kumwangukia. Kwenye jumuiya akina mama walisema Baba Lusajo amefunga mkono, eti ndivyo walivyo matajiri, naye Mama Atuganile hakuwapinga. Asubuhi moja akajitanda khanga juu ya sweta, akaenda kwenye karakana ya mbao ya Baba Lusajo ili amweleze ukweli wake.

Alikuta mashine zimenyamaza. Nyuma ya marundo ya mbao akasikia mtoto anakohoa. Akazunguka. Baba Lusajo alikuwa amechuchumaa anapuliza jiko la maranda, na mkewe anawafunika watoto turubai juu ya mbao zilizopangwa kama kitanda. Nyumba yao ilikuwa imechukuliwa kwa sababu ya mkopo.

"Baba Lusajo," akasema Mama Atuganile, "kwa nini hukuja kwetu?"

Yule bwana hakuinua macho. "Nilikuja, Mama. Tulipanga foleni mimi na wanangu. Ukatuambia nafasi imejaa."

"Mbona hukunitajia jina?"

"Ningekutajia, ungemtoa nani ili niingie mimi?"

Mama Atuganile aliketi juu ya mbao akalia. Kisha akawashika watoto mikono, akarudi nao wote nyumbani, akawasimulia wenyeji wa nyumba ile kila kitu, pamoja na yale akina mama waliyoyasema kwenye jumuiya. Mpagazi mmoja akasema wakilala ubavu wataenea, wakaanza kusogeza mikeka. Tangu hapo wenye nguvu wakawa wanarudi na mboga zilizobaki sokoni, na Baba Lusajo akaleta maranda ya kupikia. Uji uliendelea kuwa mwepesi. Ziko jioni ambazo nafasi ilijaa kweli, na mama yule ilimbidi aseme hivyo. Lakini alisema akimtazama mtu usoni, akimuuliza jina, kisha akaenda naye kumbishia jirani hodi.

Ndugu zangu, siwadanganyi kwamba unga hauishi. Unaisha. Mungu hatatuuliza kwa nini gunia lilikuwa tupu. Atatuuliza tulimtazama nani. Sisi tumezoea kuwajua watu kwa sadaka zao. Mkono ukiacha kutoa, tunauliza una nini mkono, wala hatuulizi mwenye mkono amelala wapi. Yuko mtu aliyekuwa anakaa benchi la mbele hapa, na miezi hii hatumwoni. Tumeshasema amepoa kiimani. Tumesema anakwepa michango. Nani kati yetu amefika kwake? Na je, kwake bado ni palepale?

Leo tukitoka hapa, chakula cha mchana kisubiri. Twendeni kwanza tukamtafute.