Waliomwona Levi Akiaga

Wewe unayesoma haya uligeuza uso. Video ilikufikia, ukacheka, ukamtumia mwenzako, ukaendelea na chai yako. Usiseme hukuiona. Bungoma nzima iliiona, na wengine wetu hatusahau. Msimu ule wa tohara, Levi alitikisika mbele ya kisu, aibu kubwa kwa anayetahiriwa, na kabla damu haijakauka simu zilikuwa zimembeba hadi Webuye, hadi Kitale, akitikisika upya kila video ilipofunguliwa.

Miezi ikapita kama ukungu ushukao kutoka Mlima Elgon, taratibu, bila kishindo. Kisha watafiti wakaja Kitale, mtaani Matisi, wakiandaa mafunzo ya kuwasaidia vijana kuielewa afya yao ya akili na mitandao wanamoishi. Waliwaita wazazi na vijana pamoja katika ukumbi wa kanisa. Nelima, binamu yake Levi, aliketi nyuma karibu na dirisha. Wazazi walisema weee; vijana walikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Mjomba wa Nelima, Hiram, baba yake Levi, aliyeuza mbao hapo mjini, akasimama kifua mbele.

"Wangu aliye Bungoma kwa nyanyake ameacha simu kabisa. Ati hata chaja amegawa. Kijana ametulia, bana."

Ukumbi ukapiga makofi. Daktari Gladwell, kiongozi wa watafiti, akaandika ubaoni kuwa kuacha simu ni dalili ya kupona.

Kwa Nelima makofi yale yalisikika kama mvua ya mbali juu ya mabati. Alimwona Levi kama aonwavyo mtu ndotoni, akipita katikati ya mahindi bila kugusa jani. Juzi alikuwa ametoka katika makundi yote ya simu, moja baada ya jingine, na kila alikotoka aliacha shukrani. Picha yake akaifuta. Viatu vyake vya mpira akampa jirani. Ni kama mtu afagiaye nyumba kabla ya kuhama.

Akasimama. "Mjomba, Levi hajatulia. Anaaga."

"Wee Nelima, keti. Unajua nini wewe?"

Daktari Gladwell akaweka kalamu chini. "Mzee, niliwaita vijana hawa niwasikilize, nami sijawasikiliza. Endelea, mwanangu."

Nelima akaeleza. Alipofika kwenye viatu, Hiram alikuwa ameshatoa simu. Nyanya akapokea, akaombwa aketi na mjukuu wake asimwache hata kidogo. Hiram na Nelima wakaondoka papo hapo kwenda Bungoma, pamoja na mshauri wa watafiti.

Walimkuta Levi uani, amemshikia nyanya ungo wa maharagwe, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Hiram alimsogelea. Akapiga magoti, akaushika ungo upande wa pili.

"Nilidhani hakuna aliyeona nikiaga," Levi akasema.

"Tuliona sisi vijana wote," Nelima akajibu. "Hatukuulizwa."

Hapo ndipo Levi akalia, na safari hii hakuna aliyetoa simu. Mshauri akaketi naye hadi jua likaegemea mahindi, akarudi tena na tena. Ubaoni kule Matisi yale maandishi yalifutwa, na vijana ndio waliopewa chaki.

Basi weka karatasi hii chini. Mwite kijana aliye nyumbani kwako, umuulize, kisha unyamaze usikie. Sasa hivi, si kesho, kwani siri ya mtungi aijuaye ni kata.