Joho Moja, Mabega Matatu

Hapo zamani, tegeni masikio niwape, palikuwa na mji wa wapenda nyimbo. Kila mwaka vikundi vya mataifa vilikutana hapo, kila kimoja na mchezo mfupi wa kuimba uliotokana na sikukuu ya kwao. Wageni waliuita opera. Kiongozi wa kundi lililoshinda alipewa joho moja lililofumwa kwa nyuzi za nchi zote, amvishe aliyemfaa zaidi.

Mize wa Makunduchi alitunga mchezo wa Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya: ndugu wawili wanachapana kwa magomba ya ndizi mpaka roho zao zinatulia, kisha kibanda cha makuti kinachomwa, chuki inaondoka na moshi. Miaka minne alitunga. Wanawake wa kwao walimwambia, "Nenda mwanetu, na sisi tusikike."

Siku ilipofika, mvua ikaharibu njia. Mize na wenzake wakasukuma gari topeni, yeye akipaza sauti, "Haya, sukuma! Haya, tena!"

Huko mjini wakaitwa mara ya kwanza: kimya. Mara ya pili: kimya. Ya tatu ni kufutwa. Ndipo akasimama Mahin, kiongozi wa kundi la Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, kutoka Shirazi. "Zamu yao tunaingia sisi, nao wachukue yetu ya baadaye," akasema. Mpiga filimbi wake alikuwa hajafika. Wakaimba bila filimbi, wakashindwa.

Mize akafika. Kufungua kinywa, sauti hakuna! Imeishia topeni. Akajitokeza Kazija, jirani yake, aliyekuja kutazama tu. Mwaka wa saba huo hawasemezani, tangu Mize apewe kundi lililokuwa la Kazija.

"Nyimbo zako nazijua zote," Kazija akasema, macho chini. "Ukifundisha, nilikuwa nasikiliza uani kwangu."

Akaimba. Watu wakalia.

Kibanda kikawashwa. Upepo ukageuka, nguzo yenye moto ikaanza kuwaangukia waimbaji. Pandu, mpiga ngoma wa Mize, akaikamata kwa mikono miwili, akaishikilia mpaka wote wakapita, na wimbo haukukatika. Viganja vyake viliungua. Mganga akamwambia ngoma asiiguse mwaka mzima.

Wakashinda.

Mize akapokea joho, akalikumbatia, machozi yakamtiririka. Akawaita wale watatu. "Ahsanteni," akanong'ona. "Ahsanteni, ahsanteni."

Mahin akasema, "Bila sisi mngefutwa. Tulitoa ushindi wetu, na hata majina yenu tulikuwa hatuyajui."

Kazija akasema, "Zamu bila sauti ingewafaa nini? Mimi nilimwimbia mtu niliyeapa sitampa hata salamu."

Pandu akainua mikono iliyofungwa vitambaa, akacheka. "Nyinyi mtaimba tena kesho. Mimi kesho nitapiga nini?"

Hawakugombana. Walikuwa wanakula wali sinia moja, Kazija akimlisha Pandu kwa mkono wake. Mize akamtazama huyu, akaona ni yeye. Akamtazama yule, akaona ni yeye. Akamgeukia wa tatu, moyo ukasema ni huyu huyu. Akasimama, joho amelikunjua, shukrani zimemjaa, na hajui aelekee bega gani.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, msimwache amesimama. Mahin aliyetoa zamu, Kazija aliyetoa sauti, Pandu aliyetoa mikono: je, nani alistahili?