Harusi ya Binti wa Bi Tumu

Paukwa!

Pakawa.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna miwa, tafuna polepole, huu ni umbea wa bwawani.

Hapo zamani za kale alikuwepo chura mmoja, Bi Tumu, akikaa bwawani chini ya yungiyungi. Majani yake mapana kama sinia, yameezeka maji yote. Chini yake baridi, na viluwiluwi wa Bi Tumu wanacheza. Jua haliwafikii, jicho la ndege haliwafikii.

Basi binti yake mkubwa, Saumu, akaposwa. Bi Tumu akafurahi mpaka koo likamvimba. Na harusi mnaijua, kwanza uwanja usafishwe.

Akaja Bi Korongo, akasimama mguu mmoja. "Dada Tumu, uwanja ndio huu? Wakwe watasema wanaoa porini."

Neno likamchoma. Siku ya kwanza Bi Tumu akakata majani ya pembeni.

"Jirani," akasema Yungiyungi, "mimi ndiye paa lako."

"Paa gani limeota kwenye tope? Hebu nyamaza."

Siku ya pili, Bi Korongo tena. "Bado, dada. Hapo katikati kichaka." Akakata katikati.

"Jirani, watoto watajificha wapi?"

"Una wivu tu. Wewe nani aliwahi kukuposa?"

Siku ya tatu, "Limebaki moja, linatia aibu." Akalikata.

Bwawa likang'aa kama sahani iliyooshwa. Bi Tumu huyo, mbio kupokea wakwe njiani. Huku nyuma jua likapenya majini, maji yakachemka kama ya ugali, watoto wakapanda juu kutafuta hewa. Bi Korongo akadonoa, akadonoa. Saumu naye, na hina yake mikononi.

Wakwe wakafika. "Bi harusi yuko wapi?"

Bi Korongo akapangusa mdomo. "Asante kwa usafi, dada. Sasa naona mpaka chini."

Bi Tumu akafumbua mdomo, ikatoka "kroo" tu.

Mvua iliponyesha, mzizi wa Yungiyungi ulikuwa hai topeni. Likachomoza jani moja. Bi Tumu akapanda, akakaa. Jani halikumfukuza. Mpaka leo yuko hapo juu, na chini yake patupu.

Basi wanangu, anayekuja kuwaambia kwenu kuchafu, mtazameni kwanza anakula nini.

Hadithi yangu nimeiacha hapo ukingoni. Mwenye kucheka alicheka mwanzo, sasa kila mtu akahesabu watoto wake.